Magoti Niliyodhani Nimeyakunja

Video yenyewe ina urefu wa sekunde 11, na katika sekunde hizo mimi nimesimama juu ya ubao wa kuteleza kwenye mawimbi kwa muda usiozidi sekunde 4. Mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliipiga kwa simu ya mama yake jioni moja ya Februari, yapata saa kumi na nusu, maji ya bamvua, yale yanayojaa kuliko siku nyingine, yakiwa yamefika hadi karibu na mizizi ya minazi na kaskazi ikivuma kutoka baharini kuja nchi kavu. Nilipotoka majini nikihema nilikuwa na furaha ya mtu aliyefaulu. Nilimwambia kwamba safari hii nimekunja magoti sawasawa, nimeyahisi yakikunjika, na kilichoniangusha ni wimbi la pili lililonijia ubavuni.

"Mjomba," alisema, akininyooshea simu, "hebu tazama mwenyewe."

Mtu aliyekuwa kwenye kioo cha simu alikuwa amesimamisha miguu kama nguzo mbili za uzio. Kilichokunjika ni kiuno. Kifua kilikuwa kimeinama mbele, makalio yametoka nyuma, mikono inaning'inia kana kwamba inatafuta shilingi iliyodondoka, na uso umeelekea kwenye vidole vya miguu. Wimbi la pili halikuwapo. Ubao uliyumba kidogo upande wa kushoto, mtu yule akajaribu kuufuata kwa kiwiliwili chake chote, na kwa kuwa miguu haikuwa na pa kunyumbukia, alianguka mzimamzima kama gogo.

Nilimwomba airudie. Kisha nikamwomba airudie tena.

Kuanguka hakukunisumbua, kwa sababu anayejifunza kuteleza juu ya mawimbi huanguka zaidi ya anavyosimama, na maji ya Bagamoyo ni ya uvuguvugu na mchanga wake ni laini. Kilichonikaa rohoni kwa wiki zilizofuata ni kwamba ningeweza kula kiapo juu ya magoti yale. Ningeapa mbele ya yeyote kwamba yalikunjika. Nimeishi nayo kwa miaka 44, na siku hiyo niligundua kwamba sijui yako wapi.

Dakika tano kwa mwezi

Ubao ninaoutumia uliachwa na mgeni katika nyumba ya wageni anakofanya kazi rafiki yangu. Ni wa sponji ngumu, una urefu wa futi 8, na una ufa karibu na mkia ambao nimeuziba kwa gundi mara kadhaa. Kwa mwanafunzi ni ubao mzuri, kwa kuwa upana na unene wake unamsamehe mtu makosa mengi. Makosa yangu ni mengi kuliko msamaha wake.

Mwalimu sikuwa naye, na mawimbi yenyewe ni ya kuokoteza. Yale makubwa ya bahari kuu yanakingwa na kisiwa cha Unguja, kwa hiyo tunayoyapata sisi ni mawimbi ya upepo, mafupi, yanayofuatana kwa haraka kiasi kwamba ukianguka hujapata kufuta macho la pili limeshakufikia. Isitoshe, ufuko wetu ni tambarare. Maji yakipwa, bahari hukimbia mbali na kuacha uwanja wa mchanga wenye vijidimbwi ambako watoto hucheza mpira, na hapo huna mchezo wowote wa mawimbi ila kubeba ubao kichwani.

Kwa hiyo nategemea bamvua. Wakati wa mwezi mwandamo na wakati wa mwezi mpevu, maji ya pwani yetu hujaa mnamo saa kumi alfajiri na tena saa kumi alasiri, na kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika 50 hivi. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hujaa saa nne, nami saa nne asubuhi niko ofisini nikijumlisha stakabadhi za watu, na saa nne usiku nimelala. Ukitoa siku za mvua, za misiba na za kazi zilizochelewa, zinabaki alasiri nane hivi kwa mwezi.

Mimi ni mtu wa hesabu, na usiku ule wa video nilikaa nikapiga hesabu. Alasiri nane, kila moja na mawimbi kumi hivi ninayofanikiwa kuyadandia, kila wimbi sekunde nne za kusimama. Jumla yake ni sekunde 320.

Kumbe nilikuwa nikijifunza kusimama kwa dakika tano na ushei kila mwezi.

Hesabu hiyo ilinipunguzia aibu kidogo, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kujifunza baiskeli kwa kuipanda dakika tano kwa mwezi. Lakini ilinionyesha pia kwamba, kama nitasubiri bahari inifundishe kila kitu, nitafika miaka 60 nikiwa bado natafuta shilingi ile iliyodondoka. Ilibidi sehemu kubwa ya kazi ihamie nyumbani, barazani.

Kama uko msalani

Kabla ya baraza, nikiri jambo moja. Video haikuwa ya kwanza kuniambia. Wiki mbili nyuma yake, mtoto mmoja kati ya wale wanaokaa juu ya madau yaliyopandishwa ufukoni alikuwa ameniuliza kwa sauti ya juu, bila nia mbaya, "Anko, mbona unakaa kama uko msalani?" Wenzake walicheka mpaka mmoja akateleza kutoka kwenye dau. Nami nilicheka, nikajisemea kwamba watoto hawajui kitu.

Mtoto yule alikuwa ametoa maelezo sahihi kuliko yote niliyowahi kuyapata. Anayeanza mchezo huu huogopa, na mwili ulioogopa hutaka kushuka chini ukaribie maji, jambo ambalo ni jema, kwa kuwa uzito ukishuka ubao hutulia. Tatizo ni njia unayoshukia. Ukishuka kwa kukunja kiuno, kichwa na kifua hutangulia mbele ya vidole, makalio huenda nyuma kuvisawazisha, na uzito wako unakuwa umegawanyika pande mbili, nje ya ubao upande huu na huu, huku miguu ikibaki imekauka. Ukishuka kwa magoti na vifundo vya miguu, kifua hubaki kimesimama, kiuno kinakaa juu ya mstari wa katikati ya ubao, na ubao ukiyumba magoti ndiyo yanayopanda na kushuka, kichwa kikibaki pale pale.

Kuna na goti la nyuma, ambalo lina habari yake. Sisi tukichuchumaa huyafungua magoti kwenda nje, kila moja upande wake, na hivyo ndivyo mwili wangu ulivyojua. Juu ya ubao, goti la nyuma linatakiwa kuegemea ndani kidogo, kuelekea lile la mbele, ili nguvu ya mguu ule ishuke katikati ya ubao badala ya kuukandamiza ukingoni. Nilipolijaribu mara ya kwanza nyonga ilinikatalia kabisa. Miaka ishirini ya kiti cha ofisi ilikuwa imeishika pale.

Barazani nilichora kwa chaki umbo la ubao, urefu wa futi 8, na mstari katikati. Nilimwajiri mpwa wangu kwa malipo ya chipsi mayai. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kigoda akiwa na rula ndefu ya shuleni, na kila nikiinuka kutoka tumboni hadi kusimama, aiweke rula nyuma ya goti langu la mbele aone kama kuna mkunjo.

Siku ya kwanza niliinuka, nikakunja magoti, nikasema, "Haya." Aliweka rula. Ililala nyuma ya mguu wangu karibu bila nafasi yoyote.

"Bado hujakunja, Mjomba."

Nilikunja zaidi. Nikasema hapo nimefika.

"Kidogo tu."

Nikashuka hadi nikahisi nimezidisha, nikahisi kwamba jirani akichungulia atadhani natambaa, mapaja yakaanza kutetemeka. Ndipo aliposema kwamba sasa ninafanana na wale watu wa kwenye mashindano, walau wale walio nyuma kabisa.

Hapo nilielewa jambo ambalo video ilikuwa imelidokeza tu. Kipimo changu cha ndani kilikuwa kimekosewa tangu mwanzo. Kile ambacho mwili wangu uliita "nimekunja" kilikuwa robo ya safari, na kile ulichokiita "nimezidisha" ndipo mahali penyewe. Kwa hiyo nikajiwekea kanuni ya muda: nikijiona wa kawaida, nimekosea, nikijisikia kituko, huenda niko karibu na ukweli.

Mguu wa kutangulia

Jambo jingine nililoligundua barazani sikulitafuta. Rafiki yangu wa nyumba ya wageni aliponipa ubao alinionyesha namna ya kusimama, mguu wa kushoto mbele, kwa kuwa ndivyo alivyomwona yule mgeni akifanya. Nami natumia mkono wa kulia, kwa hiyo nilikubali kwamba mguu wa kulia, wenye nguvu, ubaki nyuma kuendesha. Nilisimama hivyo kwa miezi minne bila kuuliza.

Jumamosi moja mke wangu alikuwa amemwaga maji ya sabuni barazani akitaka kufuta michoro yangu ya chaki, ambayo kwa kweli alikuwa ameivumilia kwa muda mrefu. Nilitoka chumbani bila kujua, nikateleza, na sikuanguka. Niliserereka kama mita moja hadi kwenye nguzo, nimesimama kwa ubavu, magoti yamekunjika yenyewe, mguu wa kulia ukiwa mbele.

Tulitazamana. Nikarudi nyuma nikaserereka tena kwa makusudi, kisha mara ya tatu, na kila mara mguu wa kulia ndio uliotangulia. Nilipolazimisha wa kushoto utangulie, niliishia kuikumbatia nguzo.

Mkono anaoandikia mtu hausemi chochote cha hakika kuhusu mguu atakaoutanguliza. Walio wengi hutanguliza wa kushoto, lakini wanaotanguliza wa kulia hawana upungufu wowote. Mchezo huu ulipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, katika michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, dhahabu ya wanawake ilikwenda kwa Carissa Moore wa Marekani, ambaye hutanguliza mguu wa kushoto, na ya wanaume kwa Ítalo Ferreira wa Brazil, ambaye hutanguliza wa kulia. Nilizirudia picha za mashindano yale mara nyingi usiku, sauti ikiwa imezimwa ili nisiwaamshe watu, nikitazama vichwa vyao tu. Chini ya kiuno kila kitu kinafanya kazi, lakini kichwa kinapita juu ya maji kimetulia kama sinia la maandazi juu ya kichwa cha muuzaji mzoefu.

Kugeuza miguu kulinirudisha nyuma kwa bamvua nzima. Nilikuwa nimejizoesha vibaya kwa miezi minne, na mwili husahau ubaya polepole kama unavyojifunza wema. Kuna alasiri moja nilipofika katikati ya kuinuka nikasita nisijue mguu gani unakwenda wapi, nikaanguka nikiwa bado nimepiga magoti, mithili ya mtu aliyekatizwa sala.

Mzee na pondo lake

Katika kipindi hicho cha kurudi nyuma ndipo nilipoanza kumtazama jirani yangu mmoja, mvuvi, ambaye dau lake hutia nanga mbali kidogo maji yanapopwa. Kila siku hulifuata kwa mtumbwi mwembamba usio na matengo, yaani mbao za pembeni za kuuzuia usipinduke, amesimama nyuma, akisukuma kwa pondo, mti mrefu unaochomekwa chini ya maji. Nimemwona akifanya hivyo tangu nahamia mtaani bila kuona kwamba ni jambo. Sasa nilikaa ufukoni nikitazama miguu yake. Mmoja mbele umenyooka kufuata mtumbwi, mwingine nyuma umekaa mshazari. Kila akisukuma, mtumbwi unaegemea upande, goti moja linapanda, jingine linashuka, na kofia yake ya kiua haipotezi mstari.

Nilimwamkia, nikamwomba anichukue.

"Shikamoo, Mzee. Naomba nijifunze unavyosimama."

"Marahaba. Ninavyosimama?" Aliuliza kana kwamba nimemwomba anifundishe kupumua. Alinikalisha mbele, akaanza kupiga pondo, nami nikageuka kumtazama. Nilimuuliza uzito anauweka mguu upi. Akafikiri. Alisema wa nyuma, kisha akasema hapana, wa mbele, kisha akasema ngoja. Aliamua kunionyesha polepole, hatua kwa hatua, akitazama miguu yake mwenyewe.

Mtumbwi ukaegemea, na yeye akayumba.

Alilichomeka pondo kwenye matope akajishikiza, tukaokoka wote wawili, lakini maji yalikuwa yameingia hadi kwenye ndoo ya chambo. Alikaa kimya kidogo, kisha akacheka kicheko kirefu cha kikohozi. "Umeniharibia, bwana mdogo," alisema. "Kazi hii naifanya tangu sijaota ndevu, leo nataka kuanguka kwa maswali yako."

Alinirudisha ufukoni akiwa anaimba kwa pua, macho yake kwenye dau, miguu yake imerudi kufanya kazi bila kuulizwa.

Tukio hilo lilinitia katika shaka kubwa kuliko ile ya video. Video ilikuwa imenifundisha kwamba nisiuamini mwili wangu, niukague, nipime kila kiungo kwa rula. Mzee alikuwa amenionyesha kwamba mtu anayejua, akianza kujikagua, anaharibikiwa papo hapo. Na kwa kweli, tangu nilipoanza kazi ya rula, baharini nilikuwa nimezidi kuwa mbovu. Barazani niliinuka vizuri, lakini juu ya maji nilikuwa nikijisomea orodha: goti, kiuno, goti la nyuma, kifua, mikono. Nilipofika kwenye kifua nilikuwa nimeshalowa.

Kutazama magurudumu

Nilisoma kuhusu jambo hili zaidi ya nilivyotarajia, na kilichonituliza kilikuwa utafiti wa mwaka 1998 wa Gabriele Wulf, mtafiti wa jinsi mwili unavyojifunza miondoko, na wenzake. Waliwasimamisha watu juu ya mashine inayoiga mwendo wa kuteleza kwenye theluji, yaani jukwaa dogo lenye magurudumu linalokwenda kushoto na kulia. Kundi moja liliambiwa lielekeze fikra kwenye miguu yake, jingine kwenye magurudumu yaliyo chini ya miguu hiyohiyo. Kati ya mguu na gurudumu hapana umbali wa kutajika, lakini waliofikiria magurudumu walijifunza vizuri zaidi. Katika jaribio la pili walitumia ubao unaobembea wa kupimia mtu anavyojisawazisha, na waliofikiria alama zilizowekwa mbele ya miguu waliwashinda waliofikiria miguu yenyewe. Wulf ameeleza kwamba wazo lilimjia akiwa majini, akijifunza kugeuza ubao wenye tanga, alipoacha kufikiria miguu yake akaanza kufikiria ubao.

Niliposoma hayo nilimkumbuka konda wa daladala ya Makumbusho, anayesimama mlangoni gari likiruka matuta, mkono mmoja una noti zilizokunjwa kwa urefu kati ya vidole, mwingine unarudisha chenji, na hashiki popote. Akili yake yote iko kwenye mia tano ya abiria wa nyuma. Laiti ungemuuliza magoti yake yako wapi, pengine tungemwokota barabarani.

Kuna sababu nyingine ya kutotazama miguu, na hii ni ya mwili wenyewe. Tunajua tumesimama vipi kwa taarifa za aina tatu zinazoletwa pamoja: macho, mifereji midogo ya nusu duara iliyo ndani ya sikio, na hisia za viungo na nyayo. Nilijipima barazani. Kwa mguu mmoja, macho wazi, nilisimama sekunde 40 bila shida. Nilipofumba macho sikufika 7. Macho yanabeba mzigo mkubwa kuliko tunavyodhani, na yanaubeba vizuri yakiwa yametulia kwenye kitu cha mbali kisichotikisika. Ukiyashusha kwenye vidole unayanyima kitu hicho, na juu ya hapo unainamisha kichwa, ambacho kwa mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5, ukikipeleka mbele ya ubao. Kwa Bagamoyo hasara ni maradufu, maana maji yetu yana udongo wa mto Ruvu, hata ukitazama chini huoni ila rangi ya chai ya maziwa inayokimbia.

Nilifanya uamuzi. Kukagua mwili ni kazi ya barazani, pamoja na rula, chipsi na kicheko. Nikishaingia majini, sina ruhusa ya kufikiria kiungo chochote. Nilichagua kitu kimoja cha kutazama: bati la banda moja la wakaanga samaki, lenye kutu nyekundu upande mmoja, linaloonekana juu ya moshi hata kutoka mbali. Na nilichagua kitu kimoja cha kufikiria, ambacho ni pua ya ubao, kwamba iendelee kuelekea lile bati.

Kudandia

Bado kulikuwa na kosa ambalo rula isingeweza kulipima, nalo ni haraka. Nilikuwa nikisimama mapema mno.

Anayedandia gari linalotembea hukimbia nalo kwanza, sambamba, hadi mwendo wake na wa gari uwe mmoja, ndipo anaponyanyua mguu. Mimi nilikuwa narukia nikiwa nimesimama. Wimbi likinifikia tu, likigusa mkia wa ubao, nilishtuka nikainuka, na ubao ambao haujashika mwendo hauna msaada wowote kwa mtu aliyesimama juu yake. Unazama kidogo, unayumba, unakukataa. Ukishashika mwendo, maji yanausukuma kwa chini, unapanda juu yake na kutulia, kama baiskeli inayoyumba ikiwa taratibu na kunyooka ikikimbia.

Dalili nilizojifunza ni hizi: mkia unainuliwa, ubao unaanza kwenda wenyewe hata nikiacha kupiga mikono, na sauti ya maji chini ya kidevu inabadilika kutoka kuchapa kuwa mchirizo mrefu. Nikiusikia mchirizo huo naongeza mapigo mawili ya mikono, ambayo ni magumu kuliko yote kwa sababu kila kitu ndani yangu kinataka kuinuka, halafu naweka viganja bapa chini ya kifua na kusimama. Viganja bapa vina maana yake. Ukishika kingo za ubao, ule mkono wenye nguvu zaidi unaupindua kabla miguu haijafika.

Mahali pa kulala nako kulinichukua muda. Nikilala mbele mno pua huchimba maji na ubao hunirusha kichwa chini, nikilala nyuma mno mkia huzama na wimbi hupita chini yangu bila kunichukua. Nimetia alama ya kalamu ya wino mzito mahali kidevu changu kinapotakiwa kuwa. Ubao wa mgeni sasa una alama ya kidevu changu, naye akirudi kuudai nitamweleza.

Mwisho wa kaskazi

Bamvua ya mwisho ya Machi ilikuta kaskazi imelegea na mawingu ya masika yamesimama juu ya bahari. Mawimbi yalikuwa ya kufika kiunoni, tena machache. Mpwa wangu alikuja bila simu, kwa kuwa mama yake alikuwa nayo sokoni, akasimama ufukoni ameshika kandambili zangu.

Katika wimbi la tano au la sita nilisikia mchirizo, nikaongeza mawili, nikainuka. Nakumbuka bati. Nakumbuka kwamba moshi ulikuwa umelala upande wa kulia, na kwamba mwanamke mmoja alikuwa akigeuza samaki kwa koleo refu. Ubao ulisukumwa na povu hadi pezi, lile bapa la chini ya mkia, likakwaruza mchanga, nikashuka kwa hatua kama mtu anayeshuka kizingiti, maji yakiwa chini ya magoti.

Nilimkimbilia mpwa wangu. "Magoti yalikuwaje?"

"Magoti sikuyaangalia, Mjomba. Nilikuwa naangalia usije ukawagonga wale watoto."

Kwa hiyo sina ushahidi, na kwa jinsi ninavyojijua siwezi kutoa ushahidi wangu mwenyewe. Mguu wa nyuma najua kwamba bado una kasoro, kwa maana mchubuko wa sponji uko katikati ya ubao ilhali ulipaswa kuwa juu ya pezi, kwenye mkia, na mchubuko hausemi uongo. Nimeongeza mstari wa pili wa chaki barazani, kwenye alama ya pezi, na mke wangu amekubali kutoufuta hadi mvua zikatike. Gundi ya ufa nayo imeachia tena.

Mpwa wangu anadai chipsi za wiki tatu.